Sinia la Jumapili la Marhumu Mujtaba, Mlandege

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipokaa kwenye kiti chako cha kaunta, ukasema kifua kinabana, ukaondoka kabla chai yako haijapoa. Watu walikuja na njaa zao wakakuta mlango wa mgahawa umefungwa. Mlandege nzima inajua mlango ule haufungwi ovyo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Tungependa kukuandikia kwamba tumepoa. Ukweli ni kwamba tumechoka. Aliyechoka kuliko sote ni Mama, mke wako Sakerbanu, na habari tunazokuletea leo ni zake.

Ulikuwa mtu wa watu. Kula peke yako hukuweza. Ukikosa wa kula naye ulisimama mlangoni ukamwita yeyote anayepita, hata trafiki. Sweta lako la kijani ulilivaa Juni na ukalivaa Desemba, ukidai baridi ya Iringa haina likizo. Na ulikuwa na kelele, Baba, tuseme tu ukweli. Majirani walijua pilau imeiva kabla Mama hajafunua sufuria.

Siku yako ilikuwa Jumapili. Mchana, wateja wakishapungua, Mzee Kalinga, fundi cherehani, alikuja moja kwa moja kutoka ibadani na suti yake. Jailos, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, alifika na gari la mchele. "Kamwene, Kalinga!" ulimsalimu Kihehe kwa sauti ya juu, naye akajibu, "Kamwene, Mhindi wangu, leo umepika au umeunguza?" Mkakaa meza ya nyuma, sinia moja katikati, mkono wa kila mtu upande wake.

Na kulikuwa na ile chumvi. Kwetu chakula huanza kwa chumvi na huisha kwa chumvi: kibakuli kinapita, kila mtu anaonja chembe, ndipo mnakula. Mkishiba, mwenye nyumba anakipitisha tena, na kabla hakijapita haruhusiwi mtu kuinuka. Kalinga ni Mlutheri na Jailos ni Mkatoliki, lakini desturi hiyo waliishika kuliko sisi wanao.

Baada ya arobaini yako walirudi. Mama akapika kama kawaida, na Sibtain, mwanao, akapitisha chumvi ya kwanza. Walipomaliza kula alikitazama kile kibakuli, akaona haya. Kuaga watu ilikuwa kazi yako. Yeye ni nani awainue rafiki za baba yake? Mama naye, jikoni, alisema wasifukuzwe. Basi kibakuli kikabaki pale pale.

Kalinga na Jailos wakakaa. Mama akaona hawataki kuondoka, akasema maskini, wana majonzi, akawachemshia chai ya maziwa. Wao wakaona chai, wakasema maskini, shemeji yetu anaogopa kubaki peke yake, wakanywa. Baada ya chai zikaja bajia. Baada ya bajia, chai nyingine. Waliondoka adhana ya magharibi ikilia, na ni kwa sababu Mama alikwenda kuswali.

Hivyo ndivyo zilivyokwenda Jumapili zetu mwaka mzima. Miguu ya Mama ikaanza kuvimba. Daktari akamwambia apumzike, na Masuma, binti yako aliyeolewa Mbeya, akamwandalia chumba. Mama akakataa. "Na Jumapili watakula wapi?" akauliza, kama vile Iringa yote haina jiko lingine.

Tusajigwe, aliyepika naye tangu sisi tukiwa wadogo, alikuwa akimkanda miguu nyuma ya mlango wa stoo. "Mama, si uwaambie tu?"

"Niwaambie nini, Tusa? Hao ndio Mujtaba aliyebaki."

Tulimsikia. Tulijua ataanguka, na hatukujua tumzuie vipi bila kumnyang'anya kile kidogo alichobaki nacho.

Jumapili iliyopita Masuma alikuja kumfuata kwa nguvu. Alimkuta kwenye karai, anakaanga bajia, amefumba macho. Kabla hajamgusa, Mama alisinzia, mkono ukateleza, mafuta yakamrukia. Alipiga yowe. Mzee Kalinga, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga jikoni kwa Mama, aliingia mbio na leso yake ya shingoni.

"Shemeji, unakaanga nini tena? Sisi tumeshiba tangu saa nane!"

"Si mmekaa?" Mama alisema, mkono uko kwenye ndoo ya maji. "Mgeni amekaa, nimwache mdomo mkavu?"

"Tumekaa kwa sababu hujatupa chumvi!" Jailos alikuwa amesimama mlangoni. "Shemeji, mimi nina safari mpaka Ubaruku. Kila Jumapili naingia usiku, mke wangu sasa anauliza huyo mwanamke wa Iringa anaitwa nani."

"Na mimi mgongo umekwisha," akasema Kalinga. "Lile benchi la Mujtaba ni gumu jamani. Lakini tutainukaje? Tulijua unaogopa kubaki mwenyewe."

Mama aliwatazama. "Naogopa," akasema. "Lakini nimechoka zaidi."

Walicheka, Baba. Walicheka wote watatu ndani ya ule moshi wa mafuta, Jailos ameshika mlango asianguke. Kisha Mama akalia. Siku ya maziko hakulia hivi; siku ile alikuwa na watu wa kuwapokea.

Alituambia kilichomshinda mwaka mzima. "Chumvi ya pili ikishapita, chakula cha Mujtaba kimekwisha. Sikutaka kiishe mikononi mwangu." Masuma alimfunga mkono, Mama akaenda mezani kwa miguu yake iliyovimba, akachukua kibakuli na kukipitisha mwenyewe. Kalinga alionja, akafuata Jailos, akafuata Sibtain. Mama akaonja wa mwisho, akasema, "Haya, nendeni. Mungu awafikishe."

Wakainuka. Mzee Kalinga aliuliza sasa Jumapili yeye atakula wapi. Mama akamwambia, "Kwako, si una mke?"

Kwa hiyo tunakuomba radhi, Baba. Kuanzia wiki hii mgahawa wako utafungwa siku ya Jumapili. Wewe hukuufunga hata kwa mafua, tunajua, na tunajua ungetuchachamalia. Lakini ulimpenda mke wako kuliko meza yako, na hilo ndilo tumelishika. Mwenyezi Mungu akurehemu, alipanue kaburi lako.

Unakumbukwa na mkeo Sakerbanu. Wanao Sibtain na Masuma. Tusajigwe wa jikoni. Rafiki zako Kalinga na Jailos, ambao kwetu ni ndugu. Na majirani wote wa Mlandege uliowaita waje kula.

Daima utakuwa nasi, Baba. Haya tumeyaandika kwa kunong'onezana, tukiwa Mbeya, kwenye kile chumba Masuma alichomwandalia Mama. Ni Jumapili mchana, na Mama amelala.