Gari Lililokunywa Oili

S.L.P. 41,
Newala.
20 Oktoba 1994

Kaka yangu Nurdini,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kibarazani, mgongo ukutani, mzima kabisa, sina cha kulalamikia isipokuwa vumbi la mwezi huu ambalo limehamia ndani na halilipi kodi. Je, huko Morogoro mnaendeleaje? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Wifi Esha na watoto hawajambo? Mama anakusalimu sana. Mguu wake umepona, na dalili ya kupona ni kwamba ameanza tena kunigombeza kuhusu chumvi kwenye mboga. Mahmudu yuko darasa la sita, anakua kwa miguu tu, suruali za sikukuu ya Idi zimekwisha kuwa kaptura.

Barua yako ya tarehe mbili niliipata. Niliisoma mara mbili peke yangu, kisha jioni nikamsomea shemeji yako Sultani. Ulisema gari umekwishaliuza kwa maneno kwa bwana Arthur wa Masasi, anayetaka kulikata apate spea na bodi, na kwamba atakuja mwisho wa mwezi huu, tuwe tumemwandalia ufunguo. Ulisema pia kwamba hakuna injini inayoweza kunywa galoni ya oili kwa wiki mbili, kwamba anayeinywa ni mtu, anaiuza kwa wenye malori, na mtu huyo ukamtaja kwa jina. Kaka, naomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukikasirika katikati, pumzika, kunywa maji, kisha endelea.

Unajua kazi ya lile gari tangu ulipotuachia. Asubuhi linateremka bondeni kuchukua maji, linapanda na mapipa sita, na watu wa mtaa huu wanapika na kufua kwa sababu yake. Msimu wa korosho linakwenda Mnyambe kubeba magunia, maana tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kila mtu anataka kuuza leo na kulipwa jana. Si jipya, lakini halikuwa limetuangusha. Shida ilianza mwezi wa Ramadhani, stata ilipokufa. Tukapima: stata au tairi mbili za nyuma. Tukanunua tairi, kwa kuwa gari lisilo na stata linasukumwa, lisilo na tairi halisukumiki.

Basi Sultani akafanya kama wanavyofanya madereva wote wa hapa wenye magari ya umri ule. Akaacha kuliegesha uani, akawa analiweka kwenye mteremko ubavuni mwa nyumba, pua ikitazama barabarani, na jiwe chini ya gurudumu. Alfajiri jiwe linatolewa, gari linaanza kuserereka, Sultani anachomeka gia ya pili, injini inakohoa, inawaka. Majirani wameacha kutumia saa ya mezani.

Tangu hapo ndipo gari likaanza kunywa oili. Kila asubuhi stiki ya kupimia ikichomolewa inaonyesha imepungua, tunaongeza. Baada ya miezi miwili likaanza kutoa moshi wa bluu, na pale linapolala pakawa peusi kama jikoni. Tukamwita fundi Cecil wa hapa Newala, kijana mwenye adabu. Alisikiliza injini kwa dakika tano akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Akaandika orodha ya spea ukurasa mzima na nyuma yake. Zamani tungeomba kibali na kungoja mwaka. Siku hizi kila kitu kipo dukani, kinakutazama, na bei yake nayo inakutazama. Ilitaka korosho zote za Mama za msimu huu na nusu ya msimu ujao. Ndiyo maana nilikuandikia, na ndiyo maana ukaamua liuzwe. Sikulaumu kwa hilo.

Lakini nilipomaliza kumsomea Sultani barua yako, alivua kofia akaiweka gotini. Kisha akasema gari ni la Nurdini, na Nurdini akisema liuzwe litauzwa. Hakula usiku ule. Kaka, yule mtu ameendesha magari miaka ishirini na miwili, ya ushirika na ya watu, na sijui kazi nyingine anayoiweza. Kulima analima, lakini mihogo yake hata nguruwe pori wanaionea huruma. Nikalala nikiwaza kwamba gari likiondoka, nitabaki na mume anayekaa mlangoni akihesabu magari ya wenzake.

Asubuhi Mama akasema hata mguu wake uliangaliwa na watu wawili, na wa kwanza alitaka kuukata. Akatuamuru tulipeleke gari kwa fundi mwingine kabla ya kumpa Arthur. Tukaondoka siku ya Jumanne, mimi nikiwa mbele na Sultani, nyuma abiria wanne tuliowaambia ukweli kwamba huenda tusifike. Walipanda hivyo hivyo. Moshi ulikuwa mwingi, na mzee mmoja akawa anagonga paa akiuliza kama tumewasha moto wa kuchoma korosho.

Masasi tulikwenda kwa fundi Dastani, mtu mzima, mnene, ambaye hazungumzi mpaka afute mikono. Sultani, kwa mazoea, aliegesha kwenye mteremko nje ya gereji, asije akashindwa kuliwasha. Dastani hakugusa kitu. Aliwaita watu wakalisukuma gari hadi mahali palipo tambarare, akatuambia twende tukanywe chai. Tuliporudi akachomoa stiki, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena, akaiinua juani. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole vitatu.

Akauliza nani anapima oili ya gari hili, na anapimia wapi. Sultani akajibu kuwa anapima yeye, pale linapolala, kwenye mteremko. Dastani akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akaeleza mbele ya watu wote kwamba gari likiwa limeinama oili inakimbilia upande mmoja, stiki inagusa kidogo tu, nawe unadhani imekwisha. Unaongeza, inazidi, injini inaichemsha, inaitoa kwa moshi, na nyingine inatafuta njia kwenye sili, zile pete za mpira. Hakuna aliyekuwa anaiba na hakuna ringi iliyokufa. Wale vijana wa gereji walimcheka Sultani, kwamba dereva mzima wa miaka ishirini anapima oili kilimani kama anayepima mvua. Naye alisimama pale akitabasamu, kofia mkononi.

Dastani akapunguza oili, akasafisha plagi, akabadilisha sili moja. Stata aliifungua akaweka makaa mengine, vile vipande vya kupitisha umeme, ambayo yalishatumika lakini bado yana uhai, na gari sasa linawaka kwa ufunguo kama la waziri. Kuhusu ringi alisema zimechoka kwa kadiri ya umri, ila mwaka huu na ujao hazidai kufunguliwa. Gharama yote ilikuwa magunia mawili ya korosho, na nauli za abiria zikasaidia. Tulirudi bila moshi. Yule mzee tuliporudi naye alilalamika kwamba safari imepoa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Nimezunguka sana kama anayetafuta kuku.

Kaka, Sultani hakupima oili hata siku moja tangu mwaka jana. Anayepima ni mimi. Najua uliagiza asifungue boneti mtu mwingine ila yeye. Lakini macho yake hayaoni karibu tena. Barabarani anaona mbuzi kabla mbuzi hajajiona, ila ukimpa stiki ya oili haoni alama, na ukimpa gazeti analisogeza mbali mpaka mkono unaisha. Alificha, akiogopa ukisikia utasema dereva asiyeona atupishe, na mimi nikamsaidia kuficha. Alinifundisha kuchomoa, kufuta, kurudisha, kusoma. Wakati gari linalala uani nilipima sawasawa. Lilipohamia mteremkoni hakuna aliyekumbuka kunifundisha upya, naye aliamini macho yangu kuliko yake. Kila tone la ile oili unayosema imeuzwa kwa wenye malori, nimelimimina mimi, kwa mkono wangu, nikijiona fundi.

Na Dastani alipouliza nani anapima, mimi niliyekuwa nimesimama pale niliangalia chini. Nilimwacha mume wangu achekwe. Niliona aibu njia nzima, na nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba kuchekwa hakuchubui, na kwamba mke anayeamka alfajiri kupima oili yeye hawezi kumwanika mbele ya watu wa gereji.

Siku ile ile, kwenye soko la Masasi, kabla hatujapanda gari kurudi, nilimvuta hadi kwa muuza mitumba mwenye beseni la miwani. Sultani alijaribu kama ishirini. Kila moja nilimwekea mbele kiberiti asome maandishi. Iliyomkubali ni ya kike, myekundu, imepinda pembeni kama mabawa ya kipepeo. Aligoma. Nikamuuliza ipi ni ghali, miwani ile au injini. Akaivaa, akasoma kiberiti chote, hata idadi ya njiti, kisha akanitazama usoni akasema sikuwa na mikunjo hii alipoanza kuficha.

Lakini macho yakifunguka, yanafunguka kwa kila kitu. Jana mchana aliitaka barua yako, ile niliyomsomea. Nilijaribu kusema sijui ilipo. Aliijua ilipo. Kaka, ile jioni nilipomsomea, sehemu ya oili na wenye malori niliiruka. Nilisoma habari ya Arthur, nikasoma salamu, nikakunja. Miezi yote uliyokuwa ukimshuku kwenye barua zako, yeye hakujua hata moja, kwa kuwa kila mara msomaji nilikuwa mimi. Jana alikaa kwenye kiti cha Mama, amevaa mabawa yake mekundu, akasoma neno kwa neno, akafika kwenye jina lake. Akarudi nyuma akalisoma tena.

Niliogopa. Hakupiga kelele. Alitoka, akalisogeza gari uani palipo sawa, akangoja, akafungua boneti. Akarudi ndani ameshika stiki kwa kitambaa, akatuonyesha mimi na Mama, oili imesimama katikati ya alama mbili. Akasema nikuandikie hivyo tu, kwamba oili ipo. Kisha akaenda kuirudisha, na alipochelewa nikamchungulia. Alikuwa ameegemea bonetini, miwani mkononi, anafuta macho.

Basi nakuomba mambo mawili. Mwandikie Arthur asije. Gari ni lako na neno ni lako, lakini sasa unajua kilichokuwa kinalisumbua. Kosa la kuficha ni langu, nigombeze mimi. Barua hii inaletwa na mwalimu Flora wa Chidya, anayekuja huko kwenye semina. Mpe jibu arudi nalo, posta isitucheleweshe mpaka mwisho wa mwezi.

La pili ni kwamba jibu hilo usiniandikie mimi. Mwandikie Sultani, jina lake juu ya bahasha. Andika utakavyoona, ila kumbuka siku hizi anasoma mwenyewe.

Wabusu wifi na watoto kwa ajili yetu. Mama anasema ule dawa na uvae sweta hata kama jua linawaka. Sultani amenisikia nikiandika salamu, naye anakusalimu, hakuongeza kitu. Mungu akulinde, na atukutanishe tukiwa tunacheka.

Mdogo wako akupendaye,
Rahima (Mama Mahmudu)