Valvu Zinazobembelezwa

Jumatatu, 6 Mei

“Siku kumi za darasa zinatosha kumfanya mtu bingwa wa ubora. Hesabu si zinafanywa na kompyuta?” Mkurugenzi wa kiwanda huyo, mbele ya darasa langu zima. Siku kumi! Kompyuta hujumlisha chochote unachoilisha, hata upuuzi, na haioni haya. Bingwa ni yule anayeuliza namba imetoka wapi. Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, akatazama saa. Vyeti Ijumaa, sahihi yangu chini.

Jumanne, 7 Mei

Wanafunzi wangu kumi na wawili wamewasilisha kazi zao za mwezi mzima kiwandani. Kundi la wifi yangu limeng'ara: valvu za mitungi ya gesi zinazovuja zimeshuka kutoka tisa katika kila mia hadi sifuri. Sifuri, wiki tatu mfululizo! Makofi. Mimi nakuna kichwa. Mashine ile ile, mipira ya kuzibia ile ile, mafundi wale wale. Kimebadilika nini? “Nidhamu, wifi.” Nidhamu inaziba gesi siku hizi?

Jumatano, 8 Mei

Nimeshuka mwenyewe kwenye meza ya majaribio. Nikasimama nyuma ya fundi. Anazamisha valvu kwenye beseni la maji, anasukuma hewa — mapovu. Anaitoa, anaipangusa, anairudisha. Mapovu. Tena. Safari hii hakuna. Anaandika: nzima.

— Na zile mara mbili za kwanza?

— Mwalimu, hizi huwa zinanuna kwanza. Ukizibembeleza zinakubali.

Zinakubali! Kama bibi harusi! Nani kakufundisha? Wifi yako, akasema, kwa adabu zote. Fomu ina kisanduku kimoja tu cha jibu, kwa hiyo wanaandika jibu la mwisho.

Fomu niliichora mimi. Kisanduku kimoja. Mimi, ninayewatukana wakurugenzi kwenye makala zangu magazetini!

Alhamisi, 9 Mei

Wifi kanifuata nyumbani kabla sijavaa viatu. Bila cheti hapati usimamizi wa zamu. Wamempa hadi Ijumaa. Ukoo mzima utasema nimemkata miguu. Mume wangu, nyuma ya gazeti: mwachie mdogo wangu, ni karatasi tu. Karatasi! Mtungi ulioko jikoni kwetu umezibwa kwa kitu gani, kwa karatasi?

Nimempigia mkurugenzi. Valvu elfu nne zilizopimwa hivyo ziko ghalani, lori linapakia kesho saa mbili asubuhi. Tutazungumza baada ya sherehe ya vyeti, anasema. Baada ya sherehe zitakuwa majikoni kwa watu!

Nimewatumia ujumbe wote kumi na wawili. Naunakili hapa, nisije nikaambiwa sikusema:

“Kesho msivae suti. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla lori halijapakia, mlango wa ghala, kila mtu na beseni lake. Tunachukua valvu mia mbili bila kuchagua. Kila moja inajaribiwa mara moja, inaandikwa ilivyojibu. Fomu yangu ilikuwa mbovu, ichaneni. Atakayerudia hata valvu moja asiniletee cheti nikisaini. Na wewe wifi, njoo na fundi wako, ukae meza ya kwanza, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulimfundisha vibaya. Nijibu: unakuja au huji?”