Mitadi Yangu na Gari la Mwanangu Haviwaki Pamoja

Mpendwa mshauri Zenebech, wewe unayesema redioni kila Alhamisi wakati nachambua dengu, naomba msaada wako mwanangu, na unisome pole pole maana mimi kuandika sijui, nasema tu na jirani yangu Wubit ndiye anaandika, nimemwambia aandike kila neno asinipunguzie, na ameshaanza kucheka hata sijafika popote. Andika, Wubit.

Naitwa Yeshimebet, nakaa hapa Kotebe kwa mwanangu Ayalneh na mkewe Hirut, na mkwe kama yule sijaona, ana adabu, ana mikono ya kazi, kahawa yake tu ndiyo nyepesi, ile ya kwanza unaionja kama ya tatu iliyoongezwa maji mara mbili, lakini hilo si la leo. La leo ni gari. Ayalneh amenunua gari la umeme. Siku hizi mjini hapa ukisimama barabarani unaona hayo tu, yanapita kimya kama watu waliogombana, na ya petroli mapya hayaingii tena nchini, wenye nayo wanashinda kwenye foleni kituoni wanakula karanga. Basi siku ya kuchagua Ayalneh akanichukua na mimi. Nikamwambia mwanangu, mimi najua nini, mimi najua punda, akasema twende tu mama. Tukafika kwa muuzaji mmoja, ana tumbo huyo, akatuonyesha kwanza gari la petroli lililotumika, kubwa, viti kama makochi, akasema hili bei yake nzuri, chukueni hili. Ayalneh akaniambia, "Mama, ingia ukae kidogo." Nikaingia. Wewe! Harufu! Mimi na petroli hatujapatana tangu usichana wangu, nikainusa tu tumbo linapanda, nikajifunika pua kwa shuka langu la kujitanda nikatoka mbio, mguu huu mbovu ulisahau kama ni mbovu. Ndipo akaniingiza kwenye hili la umeme, akafunga mlango, akakaa ananiangalia. "Vipi, mama?" Nikamwambia kiti kigumu. Akamwambia yule mwenye tumbo, "Nachukua hili." Na kiti nilishasema ni kigumu! Watoto hawasikii.

Haya, likaja nyumbani. Sikatai, zuri, jeupe, tukalipeleka likanyunyiziwa maji ya baraka, padri akanyunyiza hadi ndani, Ayalneh anahangaika na kitambaa anafuta ile televisheni yake ya mbele, "Basi baba, basi, hapo pana umeme!" Na lenyewe linaongea. Kichina. Mimi ananipeleka kanisani nakaa mbele, ule mkanda unanikunjia shuka langu jeupe kwa hiyo huwa naukalia, na tukiondoka tu kuna mwanamke ndani anasema maneno, sauti ya heshima sana, nami namjibu, "Amina." Anarudia, namjibu, "Amina, na wewe pia." Hachoki huyo mama, anabariki tu mpaka Megenagna. Ayalneh anacheka mpaka machozi, nikimuuliza anasema nini haniambii.

Sasa shida, Wubit andika vizuri hapa. Gari hili linakula umeme. Lina waya mweusi mnene kama mkono wangu, Ayalneh kauchomeka kwenye ukuta wa jikoni, jikoni kwangu, chini ya dirisha, karibu na mitadi yangu ya umeme, ile sahani pana ya moto ninayookea injera. Akirudi tu kazini, analichomeka, linakula. Namwambia limeshiba hilo, ananionyesha namba. Ng'ombe akishiba unamwona ubavuni, huyu ana namba.

Ikafika zamu yangu ya kukaribisha chama chetu cha Malaika Mikaeli. Mchuzi wa kuku tayari, pombe ya shayiri imetulia kwenye mtungi, na unga wangu wa teff nilishauchachusha, umepanda, umetoa maji juu, na wewe ni mwanamke wa hapa unajua, unga ukifika umefika, ukiuchelewesha unapata injera ya kukunja uso. Siku hiyo Ayalneh alikuwa na mapumziko, gari lipo, limechomekwa, mwenyewe kaenda kunyoa. Nikawasha mitadi, ikapata moto, nikamimina ya kwanza kwa kuzungusha, macho yake, vile vitundu vya juu, yakaanza kutoka, hata nusu hayajatoka, tap! Nyumba kimya. Redio kimya, friji kimya. Hirut akakimbia kurudisha swichi kuu. Ikakaa kidogo. Tap!

Hirut akasema, "Mama, ni gari hilo. Gari na mitadi havivumiliani, mmoja ashuke."

Nikamwambia, "Nani ashuke, mimi?"

"Mama, anayekuja kula leo ni Mikaeli. Gari halikualikwa."

Basi nikauchomoa ule waya mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Nikaoka, injera zikatoka laini, macho yamejaa, wageni wakasifu, tukala, tukanywa, tukaimba, na Wubit anajua aliondokaje, eti hataki kuandika hapa, andika, aliondoka na kiatu changu. Waya tukausahau. Wote wawili.

Asubuhi Ayalneh akatoka kachelewa, akaona namba ni ndogo akasema nitafika. Hakufika. Likamfia kwenye kilima, saa ya watu wote kwenda kazini. Na kama ujuavyo haliwezi kuongezewa kwa chupa. Akapita bwana mmoja na punda zake wamebeba nyasi, akasimama, akalizunguka lote, akamuuliza, "Kaka, lako linakula nini?" Akavuta fungu la nyasi akaliwekea mbele ya taa! Watu wakapiga picha. Kazini kwake Bole walishaziona hajafika.

Jioni akaingia hajavua hata koti, akasema, "Mama, kuanzia leo injera tutanunua dukani."

Mshauri, nilikaa chini. Mimi nimeoka injera tangu sijafika urefu wa jiko. Injera ya duka unaijua, ina macho mawili matatu, kama imesinzia. Hirut akamjibu, "Injera ya duka ukale na gari lako." Ayalneh akasema, "Gari ndilo linalokupeleka kwenu." Hirut akasema, "Na mitadi ndiyo inayokulisha." Tangu siku hiyo hawasemeshani. Tunakaa sahani moja watu watatu, huyu anasema, "Mama, mwambie mwanao apitishe chumvi," na chumvi iko mbele yake, yule anasema, "Mama, mwambie mkweo chumvi imeshatosha." Mimi nageuza shingo huku na huku mpaka imekaza. Mitadi imefunikwa gunia. Ndoo yangu ya unga tupu. Asubuhi nakaa sina pa kuweka mikono.

Kwa hiyo nimekata shauri nihame, niende kwa dada yangu Askale kule Debre Birhan, yeye anaokea kuni, hana swichi ya kuanguka, wao wabaki na gari lao waelewane. Askale sijamwona tangu msiba wa mumewe, maana basi lile la msiba nilitapika njia nzima kwa ile harufu, tulipofika waombolezaji wakaniona wakaanza kunililia mimi. Ndiyo sijarudi tena. Ameshazeeka, wanasema macho yamepungua. Usiku namwaza. Sasa nishauri, mwanangu, nihame au nivumilie injera ya duka? Na usimtaje Ayalneh vibaya redioni, ni mtoto mzuri, anatania tu kidogo na ni mkaidi kama baba yake.

Ni mimi, Yeshimebet wa Kotebe.

*

Mama Yeshimebet,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya kiatu. Pole na shingo. Na Wubit arudishe kiatu cha watu.

Sasa nisikilize, na uache dengu kidogo. Unataka kuhamia Debre Birhan. Vizuri. Utakwenda na nini? Basi huwezi, umesema mwenyewe. Gari la petroli, tumbo linapanda. Kwa miguu, una mguu mbovu. Nimehesabu usafiri wote wa nchi hii, mama yangu, na chombo kimoja tu ndicho kinachoweza kukufikisha kwa dada yako na nguo yako ikiwa safi. Kiko uani kwako. Unataka kulikimbia gari, na utaliomba gari likukimbize!

Na hujajiuliza kwa nini liko hapo? Mwambie Wubit akusomee pale kwa muuzaji. Mtu mzima mwenye pesa yake anamchukua mama anayejua punda aende kumchagulia gari. Kwa nini? Anamwingiza kwenye la petroli, mama anatoka mbio. Anamwingiza kwenye lisilo na harufu, anafunga mlango, anakaa anamwangalia usoni. Mama anasema kiti kigumu, yeye anasema nachukua hili. Wewe unasema hakusikia. Alisikia, mama. Alikuwa anasikiliza tumbo lako, siyo kiti. Gari lile alikununulia wewe, na kwa kuwa ni mkaidi kama baba yake, hatakwambia hata ukimkaba.

Lakini usifurahi haraka, nawe una kesi. Kumchomolea mtu gari bila kumwambia ni sawa na yeye kuja kukumwagia unga. Ungemwambia alipotoka kunyoa, bwana wa punda angepita zake na nyasi zake. Leo jioni mwambie, "Mwanangu, niliuchomoa nikasahau, samahani." Maneno hayo tu, usiingize na kahawa ya Hirut.

Na wewe Ayalneh, najua unasikiliza. Umechomeka gari jikoni kwa mama yako halafu unamfukuza yeye jikoni? Mume wangu anaendesha gari kama hilo, na mimi naoka, na hatujauana. Ita fundi umeme mwenye kibali, siyo rafiki yako mwenye bisibisi, avute waya mnene wa gari peke yake kutoka kwenye mita, na swichi yake yenyewe. Kama mita yenu haibebi, mkaombe kubwa zaidi. Mpaka hapo, gari lilishwe usiku watu wamelala, mitadi iwashwe asubuhi gari likiwa kazini. Siku ya Mikaeli inajulikana kila mwezi, gari lishibe usiku wa kuamkia. Na namba ikiwa ndogo asubuhi, usiseme nitafika. Toa gunia kwenye ile mitadi leo hii.

Mama, wewe acha kazi ya kupeleka chumvi. Wakisema mwambie huyu, mwambie yule, jifanye umelala. Wataongea tu, chumvi haina miguu.

Kisha uchachushe unga. Oka asubuhi, funga injera za kutosha kwenye kitambaa, za Askale. Jumamosi gari lijae, Ayalneh aende taratibu kwenye milima ile, maana kupanda na baridi vinakula chaji. Mlale huko usiku mmoja. Kurudi ni kushuka, gari lenyewe litajirudishia kidogo njiani. Kaa mbele. Umguse dada yako uso wakati bado macho yake yanakuona. Ukimaliza, rudi nyumbani kwako Kotebe, hujahama popote.

Na jambo la mwisho. Yule mama wa Kichina mwenye heshima, anayekubariki mpaka Megenagna, mume wangu amenitafsiria. Anasema, "Tafadhali funga mkanda."

Endelea kumjibu Amina, mama. Lakini funga.