Funda la Maji Ulilolimeza, Baba

Mwaka umetimia, Baba yetu Hudson Mwakio, tangu tukuzike Werugha mwezi wa Machi 1978. Siku hiyo ukungu ulikufunika kabla ya udongo.

Haki yako tunakupa. Matuta ya shamba lako hayakubomoka hata msimu wa mvua kubwa, na jirani aliyekosa maziwa hakuondoka kwako mikono mitupu. Ng'ombe walikujua kwa kikohozi wakatulia. Na sisi vilevile. Kwa watu wa nje ulikuwa asali, nyumbani shubiri.

Susan alipoolewa na Hashil, Mwislamu wa Voi, ulimfungia mlango. Ukamwambia Mama, "Ukimfuata, usirudi hapa." Miaka tisa Mama hakumwona mwanawe. Alizoea kuimba akikamua. Hilo nalo ukalikataza, akanyamaza, akaanza kukonda.

Ulipougua, ndugu yako Mzee Fanuel alikuletea kata ya maji ili utase kama walivyotasa wazee wetu: mwenye kinyongo hupiga funda, akayatema, akasema hasira imemtoka. Susan alikuwa ameitwa, amesimama mlangoni. Ulijaza mashavu, ukamtazama, ukameza. Sote tuliliona koo lako likishuka. Kesho yake ukafa.

Kinyongo ukamwachia Mama, sasa akikuelekezea wewe. Usingizi ulimhama, chakula kikamshinda. Akina mama wa kanisa walikuja kumwambia asamehe, akawafukuza. Tulidhani tungemzika kando yako, na yeye aliogopa hivyo hivyo, maana kulala karibu nawe tena hakutaka.

Jumamosi iliyopita, kaburini kwako, Mzee Fanuel alimpa kata ile ile. "Shemeji, tema hiyo hasira. Itakumaliza."

Mama alijaza mashavu. Alikaa nayo maji mpaka tukaingiwa na hofu kwamba atameza kama wewe. Kisha akayatema yote juu ya msalaba wako.

"Baba Susan, usifikiri ni mapenzi," alisema. "Nimechoka kukubeba tu. Sasa jibebe mwenyewe."

Asubuhi alimaliza uji, akachukua ndoo akaenda kukamua. Tulimsikia akiimba.

Sisi wengine bado hatujatema. Wanaokukumbuka ni mkeo Mable, wanao Donald, Wakesho na Susan, nduguyo Fanuel, mkweo Hashil, ambaye jina lake halikupita kinywani mwako, na mjukuu wako Salme, anayeuliza ulikuwa mtu gani.

Kukusahau hatutakusahau, Baba, hata tukijaribu.