Geji ya Gari la Baba

Ipagala, Dodoma

Kaka Aiman,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na mvua imetukumbuka.

Juzi nilimbembeleza Baba tukatembee Hombolo kwa lile gari lake kuukuu la spoti. Likazimika njiani, tangi kavu, na geji inaonyesha limejaa! Nikaanza kuvutavuta nyaya. Baba, aliyekuwa haongei tangu tumzike Mama, akasema, "Nasma, acha nyaya. Boya la kupimia mafuta kwenye tangi limenasa juu."

Tulipovutwa hadi nyumbani nikafungua tangi. Kweli, kutu imelishika boya. Nikalisugua, na mshale wa geji ukashuka. Baba alicheka hadi machozi.

Sasa yuko nje ananipigia honi, eti twende Mlali. Ukipata barua hii mpigie simu. Atapokea mwenyewe.

Mdogo wako,
Nasma