Ahadi ya Ukurasa wa Tisa

Jumatatu, 2 Juni

Hotuba imefika. Kurasa kumi na mbili! Daktari hajui kusema kwa ufupi. Huyu ni mgombea wetu wa urais. Zamani alitibu watoto, jina likamganda. Mimi mkalimani wake wa lugha ya alama ndiye nitakayeumia viwiko.

Nimeipitia yote mezani kwa Mama. Ya ndani ya nchi: zahanati kila mtaa, mkataba wa maandishi kwa kila kibarua, wenye nyumba wasipandishe kodi watakavyo, walimu zaidi kwa shule za viziwi. Ya nje: wakimbizi wapokelewe, jeshi la kigeni lisipewe kambi hapa kwetu. Halafu ukurasa wa tisa — wanajeshi wetu wote kurudi nyumbani ndani ya siku mia moja.

Nimeusoma ukurasa huo mara tatu. Mdogo wangu yuko huko mwezi wa kumi na moja sasa, kwenye vita vya jirani ambavyo hakuna aliyewahi kutueleza vinatuhusu nini.

Mama sikumwambia kitu. Ni kiziwi tangu utotoni. Atayaona jukwaani pamoja na wenzake. Tumejaza fomu ya jeshi tu. Mjane mwenye mtoto wa kiume mmoja anaruhusiwa kuomba mwanawe aondolewe mstari wa mbele. Mwisho wa kupokea fomu ni tarehe 16. Bado saini ya Mama na muhuri wa mtaa.

Alhamisi, 5 Juni

Mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Ukurasa wa tisa nimeurudia mpaka mabega yanauma. Nataka utoke safi, hata mtu wa safu ya mwisho auone.

Ujumbe wa mdogo wangu: matope, wazima, msalimie Mama. Basi! Mtu akiwa huko hata maneno yanamwishia.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefanya nini!

Niandike kwa utaratibu. Uwanja umejaa. Viziwi kama sitini upande wangu, Mama safu ya mbele, bado na sare ya kazini — anapiga pasi mashuka ya hospitali na alitoroka zamu. Kurasa nane zikaenda vizuri. Kwa kawaida mkalimani hufuata nyuma ya msemaji, maneno machache. Wa tisa ulianza vizuri pia: vita, jirani, miaka minne. Kisha Daktari akanyamaza. Akanywa maji. Akageuza karatasi taratibu.

Nikadhani ananipa nafasi nimalize. Mikono ikaenda yenyewe. Wanajeshi wetu. Wote. Nyumbani. Siku mia moja.

Viziwi hawapigi makofi, hupunga mikono juu. Sitini wakanyanyua mikono kwa mpigo mmoja, na uwanja mzima kimya! Watu wakageuka kutazama kulikoni. Daktari akatabasamu bila kujua kulikoni, akaingia kwenye habari za zahanati.

Nyuma ya jukwaa ndipo nikaambiwa. Sentensi ile ilikatwa asubuhi. Chama cha wanajeshi wastaafu kimekubali kumuunga mkono kwa sharti moja: vita visiguswe. Mkasi, meneja wa kampeni, alimwambia Daktari peke yake. Mkalimani ni nani hata aambiwe?

Naapa lilikuwa kosa. Nusu ya kwanza. Nusu ya pili nilikuwa nimeshaona karatasi inageuzwa, nikamalizia. Hapa hakuna wa kumdanganya.

Mama alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Sikumwambia.

Jumapili, 8 Juni

Sijamwambia.

Jumanne, 10 Juni

Nimeitwa ofisini. Nilikwenda na barua ya kujiuzulu mfukoni, nikijua leo nanyolewa bila maji. Mkasi akanivutia kiti! Akanimiminia chai mwenyewe! Hapo nikaogopa kweli.

Akauliza viziwi waliojiandikisha kupiga kura ni wangapi. Nikamwambia wanaofahamika na chama chao ni kama elfu arobaini. Na ndugu zao? Nikasema sijui. Akaandika, akapigia mstari. Kisha akasema, kwa upole kabisa, niendelee hivyo hivyo. Wenye masikio hawajasikia ahadi, wastaafu wametulia, viziwi wamefurahi. Nani kaumia?

Nikauliza, na ikigundulika? Akasema basi ni kosa la mkalimani, kwani si ndivyo lilivyokuwa?

Daktari alikuwa dirishani. Mwanamke huyu nampenda, niseme ukweli. Alimtibu mdogo wangu surua bila kutudai kitu. Akasema, "Mwanangu, nitawarudisha. Nakuapia. Ila nikitamka nashindwa, na nikishindwa, nani atawarudisha?"

Nikamwambia basi aiseme mwenyewe kwa mikono, nitamfundisha, ni alama tano tu. Alitazama mikono yake kidogo, akaiingiza mifukoni.

Barua ya kujiuzulu nimerudi nayo. Mwoga mimi! Nikiondoka wataleta mwingine asiye na mtu vitani, naye ataahidi bila hata kutetemeka. Hivyo ndivyo ninavyojifariji. Ni uongo pia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemkuta Mama anafua mapazia ya chumba cha mdogo wangu. Nikamwonyesha fomu: saini hapa, kesho tupate muhuri, Jumatatu ndiyo mwisho. Akaisukuma pembeni.

Ya nini tena? Wote wanarudi. Akaniambia kuomba wa kwake peke yake ni aibu. Mshonaji, rafiki yake wa tangu shule ya viziwi, ana watoto wawili huko na hana ruhusa ya kuomba hata mmoja. Nikamwambia Mama, wanasiasa hawaaminiki, saini tu, haigharimu kitu. Akacheka. Akasema yeye mwanasiasa hamjui. Ananijua mimi. Miaka yote redio na televisheni zinasema, watu wanacheka, wanalia, naye anangoja mtu amwambie kuna nini. Tangu nilipokuwa na miaka minne nimekuwa nikimwambia, na sijawahi kumpa neno la uongo.

Nilinyanyua mikono nimwambie. Kweli niliinyanyua. Akadhani nataka kusaidia mapazia, akanipa ncha moja nikamue.

Nimekamua. Kisha nimelia bafuni, maji ya bomba yakitiririka, kana kwamba angenisikia. Mjinga mimi.

Nilijaribu hata kuiga saini yake kwenye karatasi nyingine. Mkono umegoma.

Jumamosi, 14 Juni

Uwanja wa pili. Naandika kando ya jukwaa, kwenye ngazi.

Mkasi amenipa hotuba mpya. Ukurasa wa tisa una mstari mmoja tu: "Hapa Daktari anapumzika, sekunde nane." Amezipima zinitoshe kutoa ahadi! Amenipigapiga begani, akasema leo ni siku yetu.

Viziwi si sitini tena. Yamekuja mabasi matatu kutoka miji mingine. Mama kawapanga safu za mbele kama bibi harusi anayepanga wageni, na mshonaji yuko naye. Kuna mzee na mkewe wamebeba picha ya kijana kwenye fremu. Sijui ni mzima au la. Sitaki kujua.

Daktari kapita hapa sasa hivi. Amenishika bega. Kiganja chake kimelowa jasho.

Wamemaliza wimbo. Anatangazwa.

Mama ameniona. Kasimama, ananipungia, nami nimeinamia daftari. Nimechungulia: ananiuliza kutoka kule, alama kubwa ili nisikose. Hizo siku mia moja zinaanza kuhesabiwa lini? Mshonaji naye anauliza. Sasa safu nzima wamenigeukia, wanangoja jibu langu.

Naandika. Mtu anayeandika mikono yake ina kazi, hawezi kujibu. Wanaliona hilo, wana subira, wamezoea kungoja.

Mkasi ananiita. Jina langu limetajwa kwenye kipaza sauti. Bado naandika. Nikiiweka kalamu hii chini tu, mikono itakuwa huru, na Mama