Majivu ya Miwa

Ruaha, Kilosa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Babu yako hajambo, na mbuzi wetu kazaa mapacha. Unauliza kwa nini huko chuo cha uuguzi mnafundishwa kumuuliza kila anayeanza ARV kama anakohoa. Swali lako limenichekesha.

Nilipoanza dawa hizo, mama yako akiwa bado msichana, hamu ya kula ilirudi, nikanenepa, nikajiona nimepona. Kikohozi kikaja. Kwetu Ruaha kila kikohozi ni majivu ya miwa inayochomwa kabla ya kukatwa, basi nesi aliponiuliza nikamjibu hivyo hivyo.

Akafungua dirisha. Nje masika yanamwagika. "Mama, leo inaungua miwa ipi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa, naye akanipa kikopo cha makohozi palepale. Akasema miezi ya mwanzo kinga bado haijapata nguvu, na kifua kikuu hujificha humo. Kweli kilikuwemo. Nilitibiwa, nikapona, na kwenye harusi ya mama yako nilicheza hadi kisigino cha kiatu kikang'oka.

Kwa hiyo, nesi wangu, mgonjwa akikwambia ni majivu, fungua dirisha kwanza.

Ni mimi bibi yako, kifua cheupe,
Salome